Kuomba Nafasi Mkutanoni: Utangulizi wa Kuwaandaa Vijana wa Jamii Ndogo Kuwa Watetezi

Karibu katika taaluma ambayo wengi huanza kuifanya kabla hawajajua kwamba ina jina. Huenda wewe ni mwalimu uliyekabidhiwa klabu ya vijana, au afisa maendeleo ya jamii wa kata, au ni kijana ambaye majirani wameanza kukutuma ukawasemee kwa mtendaji. Huna haja ya kuwa mwanasheria wala mhitimu wa sosholojia ili kufuata maelezo haya. Inatosha kuijua vizuri sehemu moja ya nchi, hata iwe kitongoji kimoja, na kuwa tayari kuitazama upya.

Sehemu nitakayoitumia mimi ni Songambele, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, pamoja na Karagwe, wilaya mama ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012. Nimeichagua kwa sababu karibu kila ugumu wa somo letu unapatikana huko: mipaka ya Uganda na Rwanda iliyo jirani, watu waliohamia kwa nyakati tofauti, lugha zinazokaribiana na zisizokaribiana, na karatasi za utambulisho zinazoweza kumfungulia mtu milango au kumfungia. Ukiyaelewa ya Kyerwa, ya Kigoma, ya Kwale nchini Kenya au ya Kivu nchini Kongo hayatakutia hofu.

Swali lenyewe ni fupi. Kijana aliyezaliwa katika kabila lenye watu wachache mahali anapoishi, asaidiweje ili awe mtetezi wa jamii yake? Ndani yake mna mambo matatu ya kufunguliwa: uchache, utetezi na msaada. Nitakaa sana kwenye la kwanza. Anayeanza hulipita haraka akidhani analijua, kisha akifika kijijini anakuta orodha yake ya makabila madogo haimsaidii kitu.

Nani ni wachache?

Tuanze na taifa zima. Kwa hesabu iliyozoeleka Tanzania ina makabila yanayozidi 120, na hakuna hata moja linalofikia nusu ya watu wote. Wasukuma ndio wengi kuliko wengine, nao pia ni sehemu ndogo tu ya Watanzania. Kwa kipimo cha taifa, basi, sote ni wachache. Isitoshe, hatuna takwimu rasmi za kujipimia, maana sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Ukikutana na taarifa inayokupa asilimia kamili ya Wanyambo au Wahangaza wa leo, uliza imeipata wapi.

Shuka sasa hadi mkoani. Kagera Wahaya ndio wengi, na Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, ni wachache mbele yao. Kwa muda mrefu wako watu wa nje walioichukulia lugha yao, Runyambo, kuwa tawi tu la Kihaya. Wanaisimu, yaani wataalamu wanaochunguza lugha, ndio walioieleza kama lugha inayojitegemea. Mwaka 2002 Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa msamiati wa Runyambo wenye maana kwa Kiswahili na Kiingereza. Shuka tena hadi wilayani, na mizani inageuka: hapa Mnyambo ndiye mwenyeji na ndiye mwingi. Wachache ni Wakiga na Wanyankole ambao asili yao ni upande wa Uganda, familia zenye asili ya Rwanda au Burundi, Wahangaza waliotoka Ngara, na wafugaji waliofuata malisho. Endelea hadi kitongojini na hesabu inaweza kugeuka mara ya tatu, kwa kuwa watu waliohamia pamoja wakafyeka pori pamoja huweza kuwa ndio wengi pale walipo.

Umeona tunakoelekea. Uchache ni nafasi ambayo mtu anakaa nayo mbele ya wengine, na nafasi hiyo hubadilika kila ngazi. Kwa hiyo ninaposema jamii ndogo katika makala haya, nina maana ya watu ambao, katika ngazi fulani ya maamuzi, idadi yao, lugha yao au asili yao inawaweka pembeni. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1992 kuhusu haki za watu wa makundi ya wachache nalo halikuweka idadi maalumu. Linataja utaifa, kabila, dini na lugha tu.

Hapa kuna mtego mmoja wa kuuangalia. Idadi ndogo na unyonge ni vitu viwili. Mwaka 1861 wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipokelewa na Omukama Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange, Karagwe. Yule mfalme alitoka katika ukoo wa Wahinda, ukoo wa watu wachache sana wakilinganishwa na wakulima waliotawaliwa. Wachache hao ndio waliokuwa na ng'ombe, ngoma za utawala na neno la mwisho. Unapotafuta jamii ndogo kijijini, basi, usiishie kuhesabu vichwa. Angalia ni nani akisema jambo linaandikwa, na ni nani akisema linaachwa lipite.

Kyerwa imechanganyika hivyo kwa sababu zinazoeleweka. Mto Kagera, ambao leo ni mpaka wa nchi, kwa wenyeji ulikuwa mto wa kuvuka kwenda kwa shemeji. Runyambo, Kihaya, Runyankole na Rukiga ni lugha ndugu, na wasemaji wake husikilizana bila taabu kubwa. Kinyarwanda, Kirundi na Kihangaza ni kundi jingine lenye undugu wake. Wakoloni walichora mistari juu ya watu hawa, na watu wakaendelea kuvuka: kwa ajili ya ardhi, kwa vibarua vya kahawa, kwa machimbo ya bati ya Kyerwa. Kisha wakaja waliokimbia. Wanyarwanda walikimbilia huku kuanzia machafuko ya 1959, na mwaka 1994 kambi kubwa za wakimbizi zikafunguliwa Ngara na Karagwe. Wengine walirudi. Wengine walikuwa wameshaoa, wameshazika wazazi na kupanda migomba.

Mwaka 2013 ndio unaoeleza hofu utakayoikuta hata leo. Mwezi Julai mwaka ule Rais Jakaya Kikwete aliwataka wahamiaji walioishi nchini bila kibali waondoke au wahalalishe ukaazi wao katika wiki mbili, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, wakiwemo watu waliokuwa wameishi hapa kwa miongo mingi, na zipo familia zilizogawanyika mke upande huu na mume upande ule. Serikali ilikuwa na hoja zake, hasa ujambazi wa kutumia silaha na mifugo iliyoingizwa kinyume cha sheria. Sina haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Ninachotaka ukijue ni kwamba kijana wa miaka 20 wa leo alikuwa mtoto wakati ule, na huenda somo la kwanza alilofunzwa nyumbani lilikuwa kunyamaza. Ukimwona amekaa nyuma mkutanoni, usikimbilie kusema hana mwamko.

Utajiuliza kama kuyataja haya hakurudishi ukabila. Swali hilo lina heshima yake na lisipuuzwe. Baada ya uhuru nchi yetu iliondoa mamlaka ya machifu, ikakipa Kiswahili nafasi ya juu, ikawachanganya vijana katika shule za bweni na Jeshi la Kujenga Taifa. Matunda yake tunayala: Mhaya, Mnyambo na Mkiga wanakaa benchi moja bila kuulizana ukoo, na kijana wa Kyerwa anafanya kazi Lindi bila mtu kumshangaa. Sioni faida ya kubomoa hilo. Ila kutotaja kabila kunamfaa zaidi yule ambaye kabila lake halitiliwi shaka. Kwa yule ambaye lafudhi humfichua kabla hajamaliza salamu, ukimya wetu haumfanyi awe sawa na wengine, unamfanya akose mahali pa kulalamikia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe wageni wa Karagwe walipewa, na mashamba yanashuhudia. Methali haikusema ni siku ya ngapi atakapopewa nafasi ya kusema.

Utetezi ni kazi gani

Katika maandiko ya mashirika utakutana na neno uchechemuzi. Usiogope, ni jina jingine la utetezi, na mimi nitatumia hili la pili. Utetezi wa jamii ni kazi iliyopangwa ya kumfanya mwenye mamlaka abadilishe uamuzi, kanuni au utendaji unaowagusa watu wengi. Sisitiza hilo neno iliyopangwa. Kumchangia jirani ada ya mtoto ni wema. Kulalamika kilabuni ni kupumua. Utetezi unaanza pale unapoweza kutaja mambo matatu kwa sentensi moja: tunataka nini, nani mwenye uwezo wa kukitoa, na tuna ushahidi gani.

La pili kati ya hayo matatu, nani mwenye uwezo, ndilo vijana hukosea zaidi, na ndilo linalofundishika kwa urahisi. Wataalamu huliita kuchora ramani ya mamlaka: mnakaa na karatasi kubwa, mnaandika jambo lenu katikati, kisha mnapanga kuzunguka jambo hilo watu na ofisi zote zinazoligusa, mkitofautisha anayeamua, anayeshauri na anayetekeleza. Tuchukue mfano wa kubuni. Pampu ya kisima imekufa, na akina mama wa kitongoji cha pembeni wanafuata maji mbali. Vijana wanataka kwenda kumlaumu mwenyekiti wa kijiji. Ramani itawaonyesha kwamba kisima kinaendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kinasimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mwenyekiti anaweza kuwa mshirika wao mkubwa wakimwendea kwa barua ya kuombea msaada, na anaweza kuwa adui wao wakimzomea kwa kosa lisilo lake.

Sasa tuingie katika chombo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho shule ya kwanza ya mtetezi yeyote nchini: mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano huu ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Soma tena: mkazi. Sheria haikuuliza kabila, wala lugha ya nyumbani, wala babu alizikwa wapi. Mkutano huu ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji, hutakiwa kukaa kila miezi mitatu, na ndipo mapato na matumizi husomwa. Chini yake kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, nayo ina kamati zake za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Juu yake kuna kamati ya maendeleo ya kata inayoongozwa na diwani, kisha halmashauri ya wilaya. Kugombea uongozi wa kijiji kunahitaji uraia, miaka 21 na udhamini wa chama cha siasa, hivyo mlango ule ni mwembamba zaidi. Lakini kusimama na kusema katika mkutano mkuu ni mlango mpana, na ndio ambao vijana wengi wa jamii ndogo hawajui kwamba ni wao.

Juu ya sheria hiyo imesimama Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inataja kabila na mahali mtu alikotoka miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukusanyika na kushirikiana, ya 21 ushiriki katika shughuli za umma. Kijana asifundishwe kuzitaja ibara hizi kama kasuku mbele ya wazee, atawaudhi tu. Azijue ili asitetereke.

Kumsaidia bila kumpamba

Tumefika kwenye kusaidiwa, na hapa ndipo wewe msomaji unapoingia. Anayefanya kazi hii huitwa mwezeshaji: mtu anayeliongoza kundi lifikie uamuzi wake lenyewe, bila kuliamulia. Misingi ya kazi yake haikuja yote na miradi ya wafadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbrazili Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu ya watu wazima, alifika Dar es Salaam na mawazo yake yakazungumzwa sana. Hapohapo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alikuwa akijenga njia iliyokuja kujulikana kama utafiti shirikishi, yaani utafiti ambamo wanakijiji wenyewe huuliza maswali, hukusanya majibu na huamua matumizi yake. Mradi wa Jipemoyo uliofanyika Bagamoyo miaka hiyo uliwagusa wakulima na pia wafugaji wa Kiparakuyo, jamii ndogo katika eneo la wakulima. Njia hiyo, ambayo leo inafundishwa nchi nyingi, ilipata makuzi yake ya kwanza katika vijiji vyetu. Kwangu hilo ni jambo la kujivunia.

Chombo kimoja kitakusaidia kujikagua. Mwaka 1992 Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana, akifuata wazo la Sherry Arnstein la mwaka 1969. Ngazi yake ina vipandio vinane, na vitatu vya chini si ushiriki hata kidogo. Cha kwanza ni kuwatumia vijana kusema maneno ya watu wazima. Cha pili ni kuwapamba: wanavalishwa fulana zenye kauli mbiu, wanacheza ngoma mgeni rasmi anapowasili, na hakuna anayejua jambo lililowaleta. Cha tatu ni kumkalisha mmoja wao meza kuu ili ionekane vijana wapo. Nani kati yetu hajaviona vyote vitatu katika sherehe moja? Kwa kijana wa jamii ndogo hatari ni maradufu, kwa kuwa hupambwa kwa ujana wake na tena kwa kabila lake. Anaombwa ngoma ya kwao, hatakiwi kutoa hoja.

Vipandio vya juu vinaanza pale kijana anapojua kwa nini yuko pale, na vinapanda hadi pale yeye mwenyewe anapoanzisha jambo na kuwaalika watu wazima walifanye pamoja. Usitake kufika juu mwezi wa kwanza. Anza na mazoezi madogo yenye heshima ya mahali: jinsi ya kumwamkia mzee kabla ya kumpinga, jinsi ya kuinua mkono na kusema, "Mwenyekiti, naomba nafasi," jinsi ya kusema jambo moja kwa dakika mbili na kuketi. Wafanye mkutano wa mfano, mmoja awe mwenyekiti, mwingine mtendaji anayeandika muhtasari, wengine wazee wanaokatiza maneno. Watacheka sana, na hilo ni jema. Katika kicheko hicho yule mwenye lafudhi ya Kinyarwanda atagundua kwamba amekatizwa mara nyingi kuliko wenzake, na kundi zima litaliona bila wewe kulihubiri.

Jambo la kuanza nalo

Hapa nina msimamo wangu, na wenzangu wengine hawaukubali. Kijana wa jamii ndogo asianze na jambo la jamii ndogo. Aanze na jambo la kijiji kizima.

Nirudi kwenye kisima. Mchukue binti wa miaka 19 ambaye babu na bibi yake walivuka Kagera miaka ya sitini. Akisimama katika mkutano wake wa kwanza na kusema watu wa kwao wanaonewa, atakuwa amewaomba wasikilizaji wachague upande kabla hawajamjua. Akisimama na daftari linaloonyesha kwamba kwa wiki nzima, kaya za kitongoji kile zilitumia saa kadhaa kila siku kufuata maji, na kwamba wenye taabu hiyo ni Wanyambo, Wakiga na wengineo, amewapa jambo lao. Au achukue butura. Kama wewe si wa Kagera, butura ni desturi ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikiwa bado changa mtini kwa bei ya kutupa. Mamlaka zimeikemea mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu ada na ugonjwa havingoji mavuno. Inamuumiza mwenyeji na mhamiaji vilevile. Kijana anayeweza kwenda kwenye chama cha msingi cha ushirika na pendekezo la mikopo midogo kabla ya msimu atasikilizwa na wazee ambao wasingemsikiliza kwa jambo jingine lolote.

Wanaonipinga husema huko ni kumtaka mnyonge athibitishe ubinadamu wake kwanza ndipo apewe haki. Hoja hiyo inauma kwa sababu ina kweli. Jibu langu ni la nchi hii tunayoishi. Kenya ina Ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inayozitaja wazi jamii za wachache na kuielekeza serikali iweke mipango kwa ajili yao. Sisi hatuna ibara ya namna hiyo. Kwetu mlango wa wachache ni ule ule wa wote. Angalia Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wawindaji na warina asali ambao ni miongoni mwa watu wachache kabisa nchini. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao kama kikundi. Hati ya kimila ni cheti cha kumiliki ardhi ya kijiji, na inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, sheria ambayo haiwataji Wahadzabe popote. Walitumia kilichokuwepo kwa kila mwanakijiji.

Halafu yapo mambo ambayo ni ya wachache tu, nayo yanakuja wakati wake. Kubwa kuliko yote huku mpakani ni karatasi. Kupata kitambulisho cha taifa kunahitaji fomu ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine, barua ya mtendaji, na uhakiki ambamo maafisa wa Uhamiaji hushiriki. Mtu mwenye jina linalofanana na majina ya ng'ambo anaweza kuhojiwa mara nyingi kuliko jirani yake. Hapa mwezeshaji lazima ajue mipaka yake. Uraia una njia zake katika sheria ya mwaka 1995: wa kuzaliwa, wa kurithi kwa mzazi, na wa tajnisi, yaani ule anaoupata mgeni kwa kuuomba na kukubaliwa. Kila moja ina masharti. Kijana asijazishwe fomu kwa kubahatisha, kwani taarifa isiyo sahihi huweza kumletea kesi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa sheria za msingi ili wawasaidie wananchi bila malipo. Mtafute aliyesajiliwa kwanza. Na ujue pia kwamba serikali yenyewe imewahi kufungua njia kubwa: Warundi zaidi ya 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia, na watoto wao ni Watanzania wanaosoma na watoto wako.

Kuhusu jambo la karatasi, Wamakonde wa Kwale wanatufunza mengi. Wazee wao waliingia Kenya enzi za ukoloni, wengi wakitoka Msumbiji, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wakazaliwa, wakakua, na bado hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huko huwezi kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa 2017 walivipata, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Picha za safari zilivuma, na kijana anayeanza atavutiwa na safari. Wewe mwonyeshe yasiyoonekana pichani: ombi lilikuwa moja na la wazi, aliyeombwa alikuwa na uwezo wa kulitoa, na mashirika ya haki za binadamu yasiyo ya Kimakonde yalikuwa yamesimama nao kabla ya hatua ya kwanza barabarani. Miaka iliyofuata Washona na Wapemba walioko Kenya nao walitambuliwa. Usiichukue njia hiyo nzima ukaileta Kyerwa, kwa sababu kwetu uraia hauendi kwa orodha ya makabila, na maandamano bila taarifa kwa polisi yatawaweka vijana wako matatani siku ya kwanza.

Usalama wa kijana ndilo jukumu lako la kwanza kuliko mafanikio ya jambo lolote. Asisimame peke yake katika jambo zito. Waende watatu au wanne wa asili tofauti. Asitangaze redioni hali ya uraia ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe, ingawa redio za jamii kama Fadeco ya Karagwe ni msaada mkubwa kwa mambo ya kilimo, maji na afya. Mzazi ajue mtoto wake anafanya nini. Jambo likikwama kijijini lipande kwa utaratibu hadi kata, kisha halmashauri, na likiwa la haki kuvunjwa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inayopokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Kwa kuanza wiki hii, nakupa kazi moja ndogo. Nenda na vijana wako kwa mtendaji wa kijiji, mkaombe kwa adabu kusoma muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Watafute sehemu inayoitwa yatokanayo, ambapo huandikwa yaliyofanyika tangu mkutano wa kabla yake. Wahesabu ahadi zilizotolewa na zilizotekelezwa. Waandike majina ya vitongoji vilivyotajwa na vile ambavyo havikutajwa kabisa. Mkutano ujao, mwenyekiti atakapofika kwenye ajenda ya yatokanayo, mmoja wao ainue mkono aulize ahadi moja tu imefikia wapi, na mwenzake aandike jibu neno kwa neno.